Umeshtakiwa kwa kutisha, na bado uko chini ya uangalizi

Hebu tuseme, msomaji, wewe ni mkazi wa Kariokor. Mahakama ilikupata na hatia, lakini badala ya jela ikakuweka chini ya afisa wa urekebishaji tabia. Kisha jioni moja, katika ugomvi wa mfereji wa maji wa ploti, ukamwambia jirani, "Wewe nitakuua." Hukumgusa. Asubuhi polisi wanabisha mlango.

Usiseme yalikuwa maneno tu. Kutishia kuua ni kosa katika kifungu 223 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake chaweza kufika miaka 10. Uangalizi nao huwa wa kati ya miezi 6 na miaka 3. Ukipatikana na hatia ya kosa jingine ndani ya muda huo, mahakama yaweza kukuadhibu pia kwa lile la kwanza. Lakini angalia: ukipatikana na hatia. Kushtakiwa si kuhukumiwa. Kuna wanaochanganya mambo haya mawili, wakakata tamaa na kuacha kuripoti kwa afisa wao. Kutoripoti ni kuvunja masharti, na hilo halihitaji shahidi wengi!

Mwili nao una kesi yake. Mtu aliyezoea chang'aa kila siku, akikatizwa ghafula katika seli, huweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu visivyokuwapo, hata kushikwa na degedege, hasa katika siku 3 za kwanza. Huo si ujeuri wala mapepo. Ni ugonjwa unaoweza kuua, na hospitali ina dawa yake. Waambie polisi mapema unakunywa kiasi gani. Wataje pia dawa unazomeza kila siku, ziwe za shinikizo la damu, kisukari, kifafa au za kupunguza makali ya UKIMWI, ili jamaa wako wakuletee.

Kuhusu lile tukio lenyewe, Katiba ya 2010 inakupa haki ya kunyamaza. Itumie mpaka upate wakili, kwa maana aliyekesha usiku kucha hupotoka maneno.

Je, kabla ya ugomvi ulikuwa hulali kwa wiki nzima, au unasikia sauti? Mwambie hakimu. Sheria inamtaka achunguze kama una akili timamu ya kujitetea, na kwa kawaida uchunguzi hufanywa na daktari wa akili, kama wale wa Mathari. Usiigize lakini. Anayeonekana hawezi kujitetea huenda akazuiliwa muda mrefu.

Ukipata dhamana, usimwendee jirani na kilo ya nyama choma ya soko la Kariokor kumbembeleza. Huenda akaripoti umemtisha tena, na dhamana ikafutwa. Kama ni suluhu, ipitie kwa wakili, mbele ya mahakama.

Wala usimwone jirani huyo kuwa mwongo anapodai ni mgonjwa. Aliyeambiwa atauawa hukosa usingizi, moyo humwenda mbio akisikia hatua koridoni, na huwafungia watoto ndani mapema. Naye anahitaji kliniki.