Kabla ya kumpigia MCA makofi, muulize pesa zilitoka wapi

Bila shaka umeiona ile video. Mheshimiwa amesimama chini ya taa ya mulika mwizi iliyowashwa jana usiku, vijana wa mtaa wamempanga katikati, na mmoja anarekodi kwa simu. “Nimewaletea taa,” anasema, na makofi yanalipuka. Wiki ijayo ni zamu ya hundi kubwa ya kadibodi ya basari. Baadaye ni tingatinga likisawazisha barabara ya changarawe. Chini ya kila posti kuna vita: huyu anaandika “tutam”, yule anajibu “wantam”.

Si vibaya kiongozi kutuambia amefanya nini. Hiyo ni sehemu ya kazi yake. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamtaka MCA awe karibu na wakazi, asikilize maoni yao, ayapeleke katika bunge la kaunti na awe kiungo kati ya bunge hilo na wananchi kuhusu huduma. Lakini kifungu hicho hicho kina maneno ambayo hutayasikia kwenye video. Kinamkataza MCA kujiingiza katika kazi za utawala wa kaunti au kutoa huduma kana kwamba yeye ni afisa wake.

Kwa lugha ya mtaani, MCA si kontrakta, si karani wa basari, na si ATM. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kumchunga gavana anavyoitumia. Ile taa imelipiwa na pesa za umma, zikiwemo zako. Kila ukinunua kitu dukani unalipa ushuru, hata kama hujawahi kuandikwa kazi.

Hesabu ya wadi yako

Kenya ina kaunti 47 na wadi 1,450. Katika mwaka wa fedha wa 2025/2026, kaunti zote zilitengewa jumla ya Sh415 bilioni kama mgao wao wa mapato ya kitaifa. Pesa hizo hazigawanywi sawa, kwa sababu kuna fomula inayoangalia mambo kama idadi ya watu na umaskini. Lakini chukua kikokotoo cha simu ugawe kwa wadi zote, upate picha tu. Utapata karibu Sh286 milioni kwa kila wadi, kwa mwaka mmoja. Hapo hujahesabu ada za maegesho, leseni za biashara na ushuru wa soko ambao kaunti hukusanya zenyewe.

Pesa hizo haziji kwenye wadi kama mfuko wa MCA. Nyingi huenda kwa mishahara, hospitali, dawa na gharama za kuendesha ofisi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Hata hivyo, ukiwa na ile hesabu kichwani, hundi ya basari ya Sh5,000 haitakufumba macho tena. Utaanza kujiuliza kuhusu zile nyingine.

Tuseme ukweli pia: sisi wenyewe tunachangia. Mtu akifiwa, anampigia MCA. Mtoto akifukuzwa shule kwa sababu ya karo, anampigia MCA. Timu ya mtaa ikitaka jezi, ni huko huko. Mzazi ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani leo hawezi kuambiwa asubiri bajeti ya mwakani. Kiongozi naye anajua kwamba jezi zitakumbukwa siku ya kura kuliko hotuba aliyotoa bungeni akipinga gavana kununua magari. Kwa hivyo anachagua jezi. Hasara yetu ni kwamba kumwachia gavana bajeti yote bila maswali hakumgharimu MCA chochote, mradi jezi zimefika.

Piga mlango unaofaa

Watu wengi huzungushwa kwa sababu wamepeleka shida kwa ofisi isiyohusika. Katiba, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi.

Kaunti inashughulikia zahanati na hospitali zake, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, taka, taa za barabarani, maji na barabara za kaunti. Hayo ni ya MCA kuyafuatilia. Polisi, barabara kuu, shule za msingi na sekondari na vyuo vikuu ni vya serikali ya kitaifa. Hayo yanamhusu mbunge wako zaidi. Kitambulisho kikichelewa, anza kwa chifu au Huduma Centre. Mkopo wa HELB pia ni wa kitaifa.

Basari ndiyo hutuchanganya wote, kwa maana kila mwanasiasa ana yake. Kuna ya NG-CDF, inayosimamiwa na kamati ya eneobunge, na Sheria ya NG-CDF ya 2015 iliweka nafasi za vijana katika kamati hiyo. Hazina yenyewe imepingwa kortini zaidi ya mara moja. Halafu kuna basari za kaunti. Januari 2025, Msimamizi wa Bajeti Margaret Nyakang’o aliziambia kaunti kwamba elimu ya sekondari na vyuo vikuu si kazi yao, na kwamba haziwezi kuilipia bila mkataba na serikali ya kitaifa. Magavana wakaenda kortini.

Funzo kwa mwanafunzi ni hili: mwanasiasa akikuahidi basari, muulize ni ya hazina gani. Ombi lako lihifadhi nakala, na usingoje mlango mmoja tu.

Huduma ya Septemba iliamuliwa Aprili

Ukimpigia MCA simu Septemba kulalamika kuhusu mtaro ulioziba, jibu la kawaida ni “hakuna bajeti”. Mara nyingi anasema kweli. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na kitu ambacho hakikuingia kwenye bajeti kufikia Juni ni vigumu kukilipia baadaye. Ndiyo maana kalenda hii ni muhimu kuliko namba ya simu ya mheshimiwa:

Kufikia Septemba 1, serikali ya kaunti inafaa kuwa imewasilisha katika bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Hapa ndipo miradi inaanza kutajwa kwa majina.

Kufikia Februari 28, inawasilisha taarifa ya mkakati wa fedha, inayoonyesha kila idara itapata kiasi gani. Ukitaka afya ipate zaidi ya barabara, au kinyume chake, huu ndio wakati wa kusema.

Kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti yanafika bungeni. Kati ya hapo na Juni 30, kamati ya bajeti inapaswa kusikiliza maoni ya wananchi, kisha bunge linapitisha.

Kuna pia bajeti ya ziada, ambayo huletwa katikati ya mwaka. Ifuatilie kwa makini. Mradi ulioshangiliwa Juni unaweza kupunguzwa au kuondolewa kabisa humo, na hakuna atakayerekodi video ya kukuambia.

Vikao hivyo vya maoni si hisani ya mtu. Katiba inalitaka bunge la kaunti kufanya kazi hadharani na kushirikisha umma. Shida ni kwamba tangazo huwekwa gazetini au kwenye tovuti ya kaunti, mkutano unapangwa siku ya kazi saa nne asubuhi, na wanaojitokeza ni wazee na wale waliosombwa na basi. Si lazima ufike. Unaweza kutuma maoni kwa maandishi kwa karani wa bunge la kaunti. Ukurasa mmoja unatosha, bora utaje mahali, tatizo na unachotaka. “Barabara zetu ni mbaya” haimsaidii mtu. Andika barabara ni ipi, inaanzia wapi hadi wapi, na ni watu gani wanaopita hapo.

Uwezo huo tunao. Mnamo Juni 2024, vijana walisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaufafanua kwenye TikTok na X. Maandamano yakafuata, wengine wakapoteza maisha, na Juni 26 Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Bajeti ya kaunti yako ina kurasa nyingi pia, lakini sehemu inayotaja wadi yako huenda ni mistari michache tu. Hiyo unaisoma ukiwa kwenye matatu.

Maswali ya kumuuliza mheshimiwa

Siku MCA akija na ripoti ya kazi yake, iwe uwanjani au mtandaoni, muulize kwa heshima mambo matatu.

Kwanza, mradi huu uko kwenye bajeti ya mwaka gani, na ulitengewa pesa ngapi? Kama ni taa ya mwaka 2023 iliyowashwa sasa, anafaa kueleza ilichelewa kwa nini.

Pili, zimelipwa ngapi kufikia leo? Kutengewa pesa na kulipwa ni vitu viwili tofauti. Kontrakta asiyelipwa huondoka na kuacha shimo wazi, na vijana waliombebea mawe hawapati chao. Jibu lake unaweza kulilinganisha na ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ambazo hutolewa kila robo ya mwaka na zinapatikana bure mtandaoni. Huko utaona kaunti yako imetumia kiasi gani kwa maendeleo na kiasi gani kwa mishahara. Utaona pia waheshimiwa wenyewe wametumia ngapi kwa safari na marupurupu ya vikao.

Tatu, ni kitu gani alikiomba wadi ikanyimwa, na alifanya nini baadaye? Hili ndilo linalompima zaidi. MCA anayefanya kazi atakutajia hoja aliyowasilisha, taarifa aliyodai kutoka kwa kamati, au waziri wa kaunti aliyemwita ajieleze.

Akinyamaza, andika barua

Labda atakuzima kwenye kikundi cha WhatsApp. Usitukane, utampa sababu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuiandikia ofisi yoyote ya umma kuomba stakabadhi, kwa Kiingereza au Kiswahili, na huna haja ya kueleza unazitaka za nini. Ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Isipojibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Unaweza pia kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Huhitaji wakili, wala huhitaji kuwa na kadi ya kura.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na kufikia hapo video zitaongezeka na tingatinga zitapita hadi vichochoroni. Weka Februari 28 na Aprili 30 kwenye kalenda ya simu yako sasa hivi, na utafute mtu mmoja wa kusoma naye ile mistari ya wadi yenu. Mheshimiwa akija kuwaambia amewaletea nini, mtakuwa na karatasi mkononi ya kumwonyesha kile ambacho bado hakijafika.