Swichi ya Mtandao: Namna ya Kuunganisha Kompyuta Zetu

Kompyuta iliyo peke yake hufanya kazi, lakini haiwezi kugawana mafaili na mwenzake wala kutumia printa ya chumba cha pili. Ili zizungumze, tunaziunganisha kwa waya kwenye kisanduku kiitwacho swichi. Si ile ya kuwashia taa. Hii ina matundu 5, 8, 16 au zaidi, na kila tundu huchukua waya mmoja.

Utaratibu huu huitwa Etheneti. Ulianza mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko California, Marekani, kwa kazi ya Robert Metcalfe na David Boggs.

Swichi inafanyaje kazi? Kila chombo hutoka kiwandani na anwani yake. Kompyuta ikituma ujumbe, swichi husoma anwani ya mtumaji na kukumbuka yuko tundu gani. Ujumbe wake ukija, hupelekwa kwenye tundu hilo tu. Kama anwani haijajulikana bado, swichi huupeleka kwenye matundu yote isipokuwa ulikotoka.

Sasa tufuate hatua hizi:

1. Tuweke swichi mahali pakavu penye hewa, kisha tuiunganishe na umeme.

2. Tupime waya; usizidi mita 100. Ndani yake mna nyaya ndogo 8, zilizosokotwa mbili mbili ili kupunguza mwingiliano. Anayefunga kichwa cha waya asizifumue sana, na mpangilio wa rangi uwe mmoja ncha zote mbili.

3. Tuchomeke ncha moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye swichi mpaka isikike "tak". Kompyuta ikiwashwa, taa ndogo ya tundu huwaka. Isipowaka, tubadilishe waya kwanza, kisha tundu. Tukibadilisha vyote kwa pamoja hatutajua kosa lilikuwa wapi.

4. Tukitaka intaneti, tuunganishe ruta kwenye tundu mojawapo. Swichi peke yake haileti intaneti. Inagawa tu njia.

Hapa tutahadhari. Tusichomeke ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi hiyo hiyo, wala tusiunganishe swichi mbili za kawaida kwa nyaya mbili. Ujumbe unaokusudiwa kwa wote utazunguka bila kikomo, taa zitametameta kwa kasi, na chumba kizima kitakosa mtandao kwa sababu ya waya mmoja. Dawa yake ni kuuchomoa waya huo. Swichi kubwa nyingi zina kinga ya kuzuia jambo hili, lakini nyingi za bei nafuu hazina.

Basi tuandike namba moja kwenye ncha zote mbili za kila waya. Ni kazi ya dakika chache, na siku ya tatizo atakayefika baada yetu hatalazimika kubahatisha.