Bweha wa Marekani Alitusindikiza

Kwa mtu aliyelelewa chuoni, mbwa ni kiumbe wa kukaa naye mbali. Tulifunzwa tungali wadogo kwamba chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Walakini mwalimu yule yule ndiye aliyetusomesha Sura ya Pango, yenye mbwa alalaye kizingitini pa wale vijana waumini, na ndiye aliyetuhadithia mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Basi mwezi wa Mei mwaka 2023, huko San Francisco, Marekani, jirani wa mpwa wangu aliponialika tukatembee vilimani pamoja na mbwa wake, sikukataa. Nilimwomba jambo moja tu: mbwa awe upande wake wa pili, ulimi usinifikie.

Tulikwenda Presidio. Zamani palikuwa kambi ya jeshi. Askari walipoondoka mwaka 1994 pakawa hifadhi ya watu wote. Ni vilima vya mikaratusi na misonobari, huku bahari na huku mji. Kwenye kichwa cha njia moja palibandikwa ubao: mbwa hawaruhusiwi kupita majira haya. Mzee akanieleza kwamba koyote wana watoto. Tukashika njia nyingine.

Koyote ni nani, msomaji mpenzi? Ni jamaa wa bweha wetu, ila amemzidi kimo: miguu mirefu, masikio makubwa, rangi ya nyasi kavu, mkia mnene wenye ncha nyeusi. Jina lake latokana na lugha ya Waazteki wa Meksiko, Wahispania wakalichukua. Wanazuoni nao wamempa jina la Kilatini, maana yake mbwa abwekaye. Dume na jike hukaa pamoja miaka kwa miaka, na dume huwapelekea watoto chakula kama baba yeyote mwenye haya. Serikali ya Marekani huwaua makumi ya maelfu kila mwaka kwa ajili ya mifugo, na bado wameenea, hata Chicago katikati ya majumba, ambako watafiti wamekuwa wakiwafuatilia tangu mwaka 2000. San Francisco walikuwa wametoweka kwa miaka mingi. Wakaonekana tena mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Ukungu ulikuwa bado haujainuka mbwa wetu aliposimama ghafla, manyoya ya shingo yamemsimama. Mbele yetu, kama hatua thelathini, koyote alikuwa amesimama njiani. Hakubweka, hakuonyesha meno. Alimtazama mbwa, sisi wawili ni kana kwamba hatukuwapo. Mzee aliifupisha kamba mkononi, akaniambia nisikimbie, tukageuka taratibu bila ya kumpa mgongo kabisa. Yule naye akatufuata. Tukienda akaenda, tukisimama akasimama. Sitaficha kwamba nilikuwa nikizisoma sura zote nilizohifadhi. Tulipofika kwenye kona aliketi kitako, akatutazama mpaka tukapita, kisha akarudi alikotoka, wala hakuharakisha.

"Hakuwa akituwinda," alisema mzee. "Alikuwa akitusindikiza."

Neno hilo lilinifurahisha, maana kwetu Pwani kusindikiza ni heshima. Mgeni humtoi tu mlangoni. Waandamana naye hatua kadhaa. Lakini nani asiyejua kwamba iko sindikiza nyingine, ile ya mwenye nyumba atakaye kuhakikisha kwamba mgeni kweli amekwenda zake? Koyote alitufanyia hiyo ya pili. Karibu na hapo alikuwa na watoto shimoni, na machoni pake mbwa ni koyote mwingine aliyeingia mtaani bila ya kubisha hodi. Lau mbwa angekuwa hakufungwa, angemkimbiza, na huko kichakani angekutana na wazazi wawili badala ya mmoja. Ndipo mbwa huumizwa, na mwenye mbwa akarudi mjini akilaani mnyama mkali.

Ila jambo baya zaidi ni chakula. Maafisa wa wanyama wa mji huo hawachoki kulalamika kwamba wako watu wanaowatupia koyote vitu vya kula, kwa huruma, na mnyama aliyezoea mkono wa mtu huacha kumwogopa mtu. Julai 2021 koyote mmoja aliyekuwa akiwasogelea watoto wadogo katika Bustani ya Mimea ya mji huo aliuawa. Juni 2024, bustanini humo humo, msichana wa miaka mitano aling'atwa. Maafisa wakaua koyote watatu.

Habari hiyo ya pili ilinifikia nikiwa hapa Mombasa, nikampigia simu mpwa wangu. Mtoto, alhamdulillahi, majeraha yake hayakuwa ya kutisha. Nikamwuliza, je, na yule wetu wa Presidio?

"Mjomba," akacheka, "mimi nitamjuaje? Wote sura yao moja."

Jirani yake, nadhani, angemjua.