Je, Wajua? Mkato Unaohesabu Watu

Je, wajua kwamba katika Kiingereza mkato unaweza kukupunguzia ndugu? Ukiandika "My brother who lives in Tanga is a teacher", msomaji anaelewa kwamba una kaka kadhaa, na unayemtaja ni yule wa Tanga. Ukiandika "My brother, who lives in Tanga, is a teacher", kaka ni mmoja tu, na habari ya Tanga ni nyongeza. Maneno ni yaleyale.

Je, wajua kwamba mikato hiyo hutembea miwili miwili? Kishazi rejeshi cha nyongeza, kama "who lives in Tanga" hapo juu, kikiwa katikati ya sentensi, mkato unaokifungua sharti upate wa kukifunga. Huo wa pili ndio unaosahaulika sana kwenye barua za kuomba kazi na ripoti za ofisini.

Je, wajua kwamba "that" haianzishi kishazi cha nyongeza? Dar es Salaam ni moja, haihitaji kutofautishwa na nyingine, hivyo tunaandika "Dar es Salaam, which faces the Indian Ocean". Kuweka "that" hapo ni kosa. Lakini "which" hukaa pande zote mbili, kwenye kishazi cha nyongeza na kwenye kinachobainisha. Mwaka 1926, katika kitabu chake Modern English Usage, H. W. Fowler alipendekeza "that" iachiwe vishazi vinavyobainisha, na "which" vile vya nyongeza. Wahariri wengi wa Marekani walilifanya pendekezo hilo kuwa sheria. Waingereza wengi hawakulifuata, na "the book which I bought" ni Kiingereza safi. Mwalimu anayemkata mwanafunzi alama kwa maneno hayo anamwonea.

Je, wajua kwamba mkato hubadilisha hata jambo linalozungumzwa? "She bought the car, which surprised us": kilichotushangaza ni yeye kununua. Uondoe mkato, na kilichotushangaza ni gari.

Je, wajua kwamba Kijerumani huweka mkato kwenye kila kishazi rejeshi, kiwe cha kubainisha au cha nyongeza? Kifaransa hutofautisha, kama Kiingereza. Aliyesomeshwa kwa Kifaransa Bujumbura au Lubumbashi, kanuni hii anayo tayari.

Je, wajua kwamba mkato unaweza kugawa shamba? Mzee akiandika kwenye wosia "I leave my land to my sons who live in Mwanza", warithi ni wale wa Mwanza peke yao. Akiandika "to my sons, who live in Mwanza", wanawe wote wa kiume wanarithi, naye anataja tu wanakoishi. Sasa mmoja akiwa amehamia Arusha kabla baba hajafariki, anarithi au harithi? Jibu limekaa kwenye alama ambayo huenda karani aliichapa bila kuifikiria. Anayeandika wosia kwa Kiingereza awataje wanawe kwa majina, basi.

Na je, wajua kwamba swali la aina hii liliwahi kufika Mahakama ya Juu ya Marekani? Ni kesi ya United States v. Ron Pair Enterprises, mwaka 1989. Sheria ya ufilisi ilimpa mdai mwenye dhamana ya kutosha riba, pamoja na ada na gharama zilizowekwa kwenye mkataba. Serikali ilikuwa ikidai kodi, na kodi haina mkataba. Je, sharti la mkataba linaigusa riba pia? Majaji watano kati ya tisa walisema hapana: riba imetengwa kwa mikato, kwa hiyo inasimama peke yake. Serikali ikapata riba yake. Jaji Sandra Day O'Connor, akiandika kwa niaba ya wale wanne waliopinga, alikataa kabisa mkato upewe uzito huo.