Usiniulize Ni Majani Mangapi

Swali huja kwenye dirisha la kemisti kwa sauti ya chini: "Daktari, mwarobaini ni majani mangapi?" Anayeuliza kwa kawaida keshachemsha, sufuria iko jikoni inapoa, na anachotaka kwangu ni idadi tu. Nimeulizwa Homa Bay mjini, nimeulizwa Rongo, nimeulizwa ndani ya matatu ya Migori na abiria aliyesikia kwamba mimi ni mfamasia. Kuna aliyeambiwa majani 7. Kuna aliyeambiwa konzi moja kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Kuna wa "chemsha mpaka maji yawe meusi". Wote wanaamini namba sahihi ipo mahali, na kwamba nikiwa na roho nzuri nitaitoa.

Haipo. Wala siifichi ili niuze vidonge. Dawa ya malaria hutolewa bure katika vituo vya afya vya serikali, kwa hiyo tuiache hadithi ya njama. Jani si kipimo. Mwarobaini ulioota kwenye changarawe za Nyatike na ule unaotia kivuli uwanja wa shule Kendu Bay haitoi maji yenye nguvu sawa. Nguvu hiyo hubadilika kwa umri wa jani, kwa msimu, kwa jinsi ulivyoanika, kwa dakika ulizoacha motoni. Hata hayo yangevumilika kama ingejulikana ni kiasi gani cha kiini cha mti huu kinachotakiwa katika damu ya mtu ili vimelea vya malaria viishe. Mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya hauna chai hii, wa Shirika la Afya Duniani hauna. Anayekupa idadi ameitunga, au ameipata kwa aliyeitunga.

"Lakini utafiti umeonyesha inaua vimelea." Ndiyo, kwenye kijisahani cha maabara. Mwarobaini una kiini kiitwacho gedunini ambacho huviua humo vizuri tu. Jik nayo ingeviua. Kati ya kijisahani na mtoto kuna tumbo, utumbo na ini. Kiini sharti kivuke vyote, kifike damuni kikiwa cha kutosha, kikae saa za kutosha, na kisimdhuru aliyekimeza. Vitu vingi vilivyong'ara kijisahanini viliishia njiani.

Ushahidi unaonichosha zaidi si huo wa maabara. Ni ule wenye mashahidi wengi: "Mimi mwenyewe nilikunywa nikapona."

Naamini ulipona. Nauliza ulipona nini. Huku kwetu kila mwili ukichemka huitwa malaria, na dhana hiyo ina msingi: uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa 2020 ulikuta vimelea kwa watoto 19 katika kila 100 kwenye kanda ya ziwa, wakati wastani wa Kenya nzima ulikuwa 6. Ni mzigo mkubwa. Lakini igeuze namba hiyo uone kwamba hata hapa watoto wengi hawana vimelea. Homa huletwa pia na mafua, nimonia, maambukizi ya mkojo, na taifodi (ambayo nayo siku hizi hubandikwa kila mtu, lakini hiyo ni vita ya siku nyingine). Homa nyingi za virusi huondoka zenyewe baada ya siku chache. Ukiwa umekunywa mwarobaini siku ya 2, sifa huenda kwa mwarobaini. Ungekunywa soda ya Stoney, zingeenda kwa Stoney.

Tuseme hata hivyo ilikuwa malaria kweli, ulipimwa ukaonekana nayo. Wewe ni mtu mzima, umezaliwa Mbita au Karungu, umeumwa na mbu tangu ukiwa mgongoni mwa mama. Mwili wako umejifunza kwa gharama kubwa. Una kinga ya nusu: haizuii vimelea kuingia, huvizuia visikuangushe. Homa hupanda, viungo vinauma, mwili unapambana, na siku ya 3 umerudi kazini kuvua omena. Siku hizo 3 ndizo ulizokuwa ukinywa chai. Vimelea havijaisha. Vimepungua tu mpaka havikusumbui, na mbu atakayekuuma leo jioni atavipeleka kwa jirani. Ukipimwa damu kwa darubini wiki hiyo hiyo huenda bado vikaonekana, lakini nani anarudi kupimwa akiwa anajisikia vizuri?

Ndiyo maana chai ile ile, ya mti ule ule, huwashinda watu wa aina fulani. Humshinda kijana aliyekaa Nairobi miaka mingi, akaja Desemba kula Krismasi nyumbani. Kinga yake imefifia bila yeye kujua, na Januari yuko wodini. Humshinda mjamzito, hasa wa mimba ya kwanza, ambaye vimelea humjifichia kwenye kondo la nyuma. Na humshinda kuliko wote mtoto wa chini ya miaka 5, ambaye kinga hiyo bado hajaijenga.

Hapa ndipo uvumilivu wangu huisha. Nyanya mwenye umri wa miaka 60 alikunywa mara nyingi, akapona kwa nguvu ya damu yake, akausifu mti. Kisha kwa upendo mtupu anachukua ushahidi wa mwili wake na kuuhamishia kwa mjukuu wa miezi 14, yaani kwa mtu pekee nyumbani ambaye ushahidi huo haumhusu hata kidogo. Baba mtu naye anakubali kwa sababu yeye pia "ilimsaidia". Familia nzima ya watu wazima wenye kinga inapiga kura juu ya mtoto asiyekuwa nayo.

Vimelea vya hapa, falsiparamu, huzaliana kwa mizunguko ya takriban saa 48. Shauri la Shirika la Afya Duniani ni dawa ndani ya saa 24 tangu homa ianze, na halikuwekwa kwa kuwatisha watu. Siku mbili za kuchemsha majani na moja ya "tungoje tuone" zinatosha mtoto kuletwa viganja vikiwa vyeupe kwa kuishiwa damu, au akidegedega, au sukari ikiwa imeshuka mpaka hajitambui. Majaribio kwa wanyama yanaonyesha mwarobaini wenyewe hushusha sukari; sasa fikiria unampa nani, na lini. Mafuta ya mbegu zake ni hatari zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga waliopewa mafuta hayo kama dawa ya nyumbani wakaanza kutapika, kusinzia na kudegedega, ini na ubongo vikiwa vimeathirika. Aliyesema kitu cha asili hakina madhara hajawahi kusikia habari ya uyoga.

"Basi daktari, artemisia?" Hili ni swali la msomi kidogo, na lilizidi mwaka 2020, Rais Andry Rajoelina wa Madagascar alipozindua kinywaji cha Covid-Organics chenye artemisia na serikali ya Tanzania ikatuma ndege kukichukua. Hoja huwa hivi: vidonge vya malaria vimetoka kwenye mmea huo, basi kwa nini tusinywe mmea wenyewe?

Kwa sababu aliyekigundua kiini cha vidonge hivyo, artemisinini, alifanikiwa pale alipoacha kuuchemsha mmea. Mwanasayansi huyo, Tu Youyou, na wenzake wa Beijing walikuwa wakihangaika na mmea huo bila matokeo ya kueleweka, mpaka aliporudi kwenye kitabu cha tiba cha Ge Hong, tabibu wa kale wa China, cha zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, kinachoagiza mmea ulowekwe na kukamuliwa, si kupikwa. Akashuku kwamba moto ndio unaoharibu. Mwaka 1971 alitumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo sana, na dawa ikatoka. Ilimpa Nobeli mwaka 2015. Artemisinini haipendi maji, huyeyuka humo kwa shida, na ninyi mnaipeleka kwenye birika.

Chai hiyo imewahi kujaribiwa kwa haki, nchini Congo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Lita moja iliyotengenezwa kwa gramu 5 za majani makavu ilikuwa na miligramu 47 za artemisinini. Baada ya siku 7 waliokuwa wamepona kwa chai walikuwa wastani wa 74 katika 100, dhidi ya 91 waliopewa kwinini. Halafu wengi wa wale wa chai vimelea vikawarudia. Nasikia mtu akisema 74 si haba. Kwa mtihani wa shule, sawa. Kwa ugonjwa unaoua, hapana. Tena kuna deni ambalo hutalilipa peke yako: dozi hafifu huviacha hai vimelea vyenye uwezo wa kustahimili dawa, vikazaliana. Rwanda na kaskazini mwa Uganda vimelea vya namna hiyo vimeshathibitishwa, na mpaka wetu si ukuta. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilirudia kusema wazi kwamba haliungi mkono chai wala unga wa artemisia kwa malaria.

Sina ugomvi na miti. Pale Bukavu, Congo, kiwanda cha Pharmakina kimekuwa kikitoa kwinini kutoka magome ya mkwinini, na kwinini imeokoa watu wengi kuliko nitakaowahi kuokoa mimi. Lakini huko wanapima, gunia kwa gunia. Ugomvi wangu ni na kikombe. Mwaka 2011 watu waliondoka pande zetu hizi kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha shilingi 500 za Tanzania kilichosemwa kutibu kisukari mpaka Ukimwi. Mti wenyewe ulikuwa jamii ya ochuoga, ambao watoto wetu hula matunda yake wakichunga ng'ombe. Ochuoga haijawahi kumuua mtu machungani. Waliodhurika ni walioacha ARV kwa sababu yake.

Haya, ya kufanya, kwa haraka.

Mtoto akichemka, apimwe siku hiyo hiyo. Kidole kinatobolewa, kipimo kinasomwa kwa dakika kama 20. Kituo cha afya wanacho, na wahudumu wengi wa afya ya jamii wanacho. Kikionyesha malaria, dawa ya kwanza ni AL (artemetha na lumefantrini), na dozi yake hufuata uzito: kilo 5 hadi 14 kidonge 1, 15 hadi 24 vidonge 2, 25 hadi 34 vidonge 3, kuanzia 35 vidonge 4, kila mara. Ya kwanza sasa, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku 2 zinazofuata. Jumla mara 6. Mtu mzima humeza vidonge 24, na ukiacha 10 kwenye droo "vya siku nyingine" hukujitibu. Meza na chakula chenye mafuta au chai ya maziwa, kwa sababu lumefantrini iliyomo huhitaji mafuta ili iingie mwilini. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, rudia. Mjamzito, mtoto wa chini ya kilo 5, anayedegedega, asiyeweza kunyonya, anayepumua kwa shida: usije kwangu, panda boda nenda hospitali. Kipimo kikisema si malaria, usidai AL. Uliza basi ni nini.

Neti kila usiku, hata wakati wa joto. Wapuliza dawa ya ukutani wakija, toa vyombo waingie. Chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini hapa hapa Homa Bay, Septemba 2019. Ni dozi 4, ya kwanza mtoto akifika miezi 6, na ile ya mwisho ndiyo mama wengi huisahau.

Chai za nyumbani kunyweni. Tangawizi kwa kichefuchefu, mchaichai kwa raha yake, limau na asali kwa kikohozi, ila asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka 1. Kujifukiza chini ya blanketi na sufuria inayotokota, achaneni nako, watu huungua. Olulusia, ule mmea wa majani machungu, kidogo kwa tumbo la mtu mzima sitapigana nayo. Mwarobaini wa kunywa asiuguse mjamzito, anayetafuta mimba wala mtoto, na anayetumia dawa za kisukari au ARV amwambie mhudumu wa kliniki anakunywa nini, bila aibu. Hatugombi, au tunagomba kidogo.

Na ukiwa na mwarobaini shambani, usiukate. Mbegu zake huzuia viwavi kukua, jambo ambalo watafiti wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu yenye kituo pale Mbita, wameshughulika nalo kwa miaka. Ponda kokwa kavu, gramu 50 kwa lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo ishike jani, nyunyizia sukuma wiki jioni kwa sababu jua huharibu kiini chake. Rudia baada ya wiki. Osha mboga kabla ya kupika.