Mali bila Daftari

Eneo la Nengo, mjini Gisenyi, limekaa ufukoni mwa Ziwa Kivu, jirani na mpaka wa Goma. Mahali kama hapo, ambapo bidhaa na fedha za nchi mbili hukutana, mwenye duka asiyetunza hesabu aweza kufilisika huku akijiona tajiri.

Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ya Rwanda ilianzisha mashine za elektroniki za kutolea stakabadhi; leo programu za kompyuta nazo hufanya kazi hiyo. Kila mauzo yanapoingizwa, habari zake huifikia Mamlaka. Ni rahisi kuiona mashine hiyo kuwa jicho la mtoza kodi tu.

Lakini habari hizo ni mali ya mwenye duka pia. Akizilinganisha na bidhaa alizonunua na zile zilizobaki, atajua kinachotoka upesi, kilicholala, na kilichopotea pasipo kuuzwa. Hata hivyo, mashine haijui sukari iliyochukuliwa kwa chai ya nyumbani, wala deni la shemeji lililofichwa. Hayo hayana budi kuandikwa kila jioni, kabla mlango haujafungwa. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.