Ubongo wa marehemu nao hutoa ushahidi

Mike Webster alifariki dunia Septemba 2002 mjini Pittsburgh, Marekani, akiwa na umri wa miaka 50. Alikuwa nyota wa futiboli ya Kimarekani aliyetwaa ubingwa mara nne na timu ya Pittsburgh Steelers, lakini miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kupoteza kumbukumbu na kuhangaika hadi kulala ndani ya gari. Moyo ndio uliomuua, na uchunguzi ungeweza kuishia hapo.

Haukuishia hapo kwa sababu ya daktari aliyeupokea mwili. Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, alikuwa amesomea uchunguzi wa vifo kwa ajili ya sheria na pia magonjwa ya ubongo. Kwa macho, ubongo wa Webster ulionekana mzima. Omalu aliomba uhifadhiwe, ukakatwa vipande vyembamba na kuwekwa chini ya hadubini. Humo alikuta marundo ya protini iitwayo tau, alama ya ubongo uliogongwa mara nyingi kwa miaka mingi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la Neurosurgery. Madaktari wa kamati ya ligi ya NFL walitaka makala hiyo iondolewe, haikuondolewa. Mwaka 2009 ligi ilikiri kwamba mishtuko ya ubongo inaweza kuleta madhara ya kudumu. Mwaka 2013 ilifikia makubaliano na wachezaji wa zamani ya fidia ya dola milioni 765, na baadaye kikomo hicho kikaondolewa.

Kazi aliyoifanya Omalu inaitwa neuropatholojia ya kisheria. Mwenye taaluma hiyo hujibu maswali matatu: ubongo umeumia wapi, umeumia lini, na jeraha hilo limetokana na nini.

Mfano ni mtu aliyekutwa amekufa kando ya barabara. Je, alianguka kwenye bodaboda au alipigwa rungu? Kichwa kilichotulia kikipigwa, ubongo mara nyingi huumia chini ya pale pigo lilipotua. Kichwa kilicho katika mwendo kikigonga ardhi, jeraha kubwa mara nyingi huonekana upande wa pili. Mtu aliyeanguka chali anaweza kuwa na michubuko zaidi mbele ya ubongo, ingawa kisogo ndicho kilichogonga lami. Tofauti hiyo inaweza kumtia mtu hatiani kwa mauaji, au kumwachia huru asiye na kosa. Hata hivyo, daktari hatoi hukumu. Yeye hueleza alichokiona, na mahakama ndiyo inayoamua.

Safari ya kufikia taaluma hiyo ni ndefu. Katika vyuo vya Afrika Mashariki, shahada ya udaktari huchukua miaka mitano au sita, ikifuatiwa na mwaka wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Shahada ya uzamili ya patholojia huongeza miaka mitatu au minne. Baada ya hapo ndipo ubobezi huanza: kwa utaratibu wa Marekani, mwaka mmoja wa patholojia ya kisheria na miwili ya neuropatholojia, kila hatua ikiwa na mtihani wake. Anayeanza chuo akiwa na miaka 19 anaweza kukaribia miaka 35 kabla ya kuruhusiwa kutia saini ripoti peke yake.

Katika ukanda huu, wataalamu wa aina hiyo ni wachache mno. Katika hospitali nyingi za wilaya, anayepasua maiti kwa amri ya polisi ni daktari wa kawaida, ambaye asubuhi hiyo hiyo ana wagonjwa wodini. Wapo waendesha bodaboda wanaokufa kwa majeraha ya kichwa, mabondia wanaoanguka ulingoni, watoto wachanga wanaodaiwa kudondoka kitandani na mahabusu wanaofia rumande. Vifo hivyo vyote vinahitaji jicho lililofunzwa.

Kikwazo kingine ni muda. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.3 na ni laini mno. Ili ukatwe vizuri, hulowekwa kwenye formalini kwa wiki mbili hivi. Familia nyingi za ukanda huu huzika ndani ya siku chache, na Waislamu huzika mapema iwezekanavyo. Ubongo ukikatwa mbichi siku hiyo hiyo, majeraha madogo hupotea, na mwili ukishazikwa hakuna pa kurudia isipokuwa kaburini.

Ipo njia ya kati. Sheria inaporuhusu, na familia ikielezwa mapema kwa heshima, ubongo unaweza kuhifadhiwa mwili ukazikwa kwa wakati, kisha ukarudishwa kwa wafiwa baada ya uchunguzi. Jambo hilo linahitaji utaratibu ulioandikwa na sauti za viongozi wa dini. Likifanywa kimyakimya, huzaa tuhuma za wizi wa viungo.

Kwa upande wa wataalamu, si lazima kila nchi ianze peke yake. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inazitaka nchi wanachama kutambua sifa za kitaaluma za wenzao. Chuo cha wanapatholojia cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COPECSA, nacho kipo. Picha za vipande vya ubongo zilizopigwa kwa hadubini zinaweza kutumwa kutoka Bujumbura na kusomwa Nairobi siku hiyo hiyo. Wataalamu wachache waliofunzwa kwa gharama ya pamoja wangeweza kuhudumia mahakama za nchi kadhaa.

Hadi hapo, ripoti nyingi zitaendelea kuandikwa "jeraha la kichwa" tu. Neno hilo linatosha kwa kibali cha mazishi. Kwa mama anayetaka kujua kama mwanawe alianguka au aliuawa, halitoshi.